Kapita, beberu wa baba, na farasi aliyegoma Sydney

Leo sitaandika juu ya barabara wala bei ya mchele. Nitaandika juu ya mbuzi mmoja, na juu ya farasi mmoja ambaye sijawahi kumwona ila kwenye simu.

Mbuzi huyo alikuwa beberu wa baba yangu. Alikuwa mweusi, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Baba alimnunua mdogo sokoni Kasongo, akamleta nyuma ya baiskeli, miguu imefungwa kamba, analia njia nzima. Alipokua alitembea mbele ya mbuzi wote wa kijiji, hakukubali kupitwa. Ndiyo maana tukamwita Kapita. Kapita wa kweli, yule aliyesimamia kijiji, aliposikia alicheka, akasema: «Basi na yeye akusanye kodi.»

Lakini kodi tulilipa sisi. Kapita alikuwa mrukaji. Jirani alizungushia shamba lake la muhogo uzio wa miti, unafika kifuani mwa mtu mzima. Kapita alirudi nyuma hatua chache, akautazama, akaruka. Baba alitozwa kuku. Uzio ukaongezwa, Kapita akaruka tena, baba akatozwa kuku wa pili. Mara ya tatu ilikuwa debe la mpunga. Hapo mama akasema beberu achinjwe, yaishe. Baba akamjibu: «Mama, tukimchinja leo tutakula nyama siku mbili. Tukimwacha, tutakula miaka.»

Baba alijua hesabu yake. Beberu mmoja mwenye nguvu anaweza kupanda majike 20 au 30. Mimba ya mbuzi ni miezi mitano tu, na mbuzi wetu hawa wadogo mara nyingi huzaa mapacha. Haikupita mwaka, jirani yule yule wa muhogo alikuja asubuhi anavuta jike lake kwa kamba, anaona haya. Baba hakumdai kitu.

Alikuwa na desturi nyingine tuliyoona ni ujinga. Majike wazuri waliozaliwa na Kapita hakuwaweka wote zizini kwetu. Mmoja alimpa shangazi upande wa Kasongo amlishe, mwingine rafiki yake ng'ambo ya mto, mwingine kwa wakwe. Mapatano yalikuwa ya kale: kitoto cha kwanza ni cha mtunzaji, cha pili ni cha mwenye mbuzi. Sisi watoto tulinung'unika kwamba anagawa mali yetu.

Kisha ukaja usiku ule. Wengi wenu mna usiku wenu kama huo, sina haja ya kueleza sana. Tuliondoka na mikeka miwili, sufuria moja na redio ya baba. Zizi tuliliacha limefungwa. Waliobaki nyuma siku mbili walitusimulia kwamba watu wenye silaha walilifungua, wakaondoka na mbuzi wote. Kapita, ambaye alikuwa amezeeka, alitangulia mbele kama kawaida yake, kamba shingoni.

Tukafika Salamabila. Familia moja yenye vyumba viwili ikatupa kimoja. Mungu awabariki. Baba aliacha kuzungumza. Mtu aliyezoea kuamka na kuhesabu mbuzi, ukimweka mahali pasipo cha kuhesabu, anazeeka haraka.

Sasa nifike kwa farasi. Pale ninapochajia simu, karibu na soko, kijana mmoja anayechimba dhahabu alikuwa anaonyesha picha za video. Farasi mwekundu anaruka miti iliyopangwa, juu kuliko uzio wa jirani yetu. Watu walishangaa. Huku Maniema farasi hatuwajui, kwa sababu mbung'o wa msitu wetu hubeba ugonjwa ambao farasi hauwezi kabisa. Mbuzi wetu wafupi wanaustahimili zaidi. Niliandika jina la farasi yule kiganjani, nikatafuta habari zake.

Aliitwa Baloubet du Rouet. Alizaliwa Ufaransa mwaka 1989. Baba yake, Galoubet, naye alikuwa mrukaji, na mwaka 1982 alikuwa katika kundi la Ufaransa lililoshinda ubingwa wa dunia kule Dublin. Baloubet alipandwa na Rodrigo Pessoa wa Brazili, nao wakashinda Kombe la Dunia la kuruka vizuizi miaka mitatu mfululizo: 1998, 1999 na 2000.

Mwaka huo huo wa 2000 wakaenda Olimpiki Sydney, na dunia nzima ilitazamia dhahabu ni yao. Siku ya mwisho, mbele ya umati, Baloubet akagoma. Akafika kwenye kizuizi, akasimama. Akarudishwa, akagoma tena, hadi wakatolewa mashindanoni. Fikirieni aibu ile. Huku kwetu angeisha sufuriani jioni hiyo! Lakini hawakumtupa. Miaka minne baadaye, Athens 2004, walirudi naye wakapata nafasi ya pili. Kisha farasi wa mshindi akakutwa na dawa iliyokatazwa, na dhahabu ikahamia kwao.

Baloubet alikufa mwaka 2017, ana miaka 28. Lakini mbegu ya farasi kama yeye huhifadhiwa kwenye mitungi ya baridi kali, ikapelekwa nchi kwa nchi bila farasi mwenyewe kuondoka zizini. Hivyo watoto wake walizaliwa katika nchi nyingi, na wengine wakawa warukaji mashuhuri, kama Chaman aliyepandwa na Ludger Beerbaum.

Jioni ile nilimsimulia baba yote haya, tunakula bugali na sombe. Alisikiliza kimya. Mwisho akauliza neno moja: «Na watoto wake wako wapi?» Nikamjibu, wako kila mahali. Akasema: «Basi hajafa.»

Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole. Yule wa shangazi, yule wa ng'ambo ya mto, yule wa wakwe. Nilielewa wakati huo kwamba hakuwa mjinga. Waliochukua zizi letu walichukua zizi moja tu.

Njia ilipotulia kidogo, tulituma ujumbe kwa shangazi. Ng'ambo ya mto hakukubaki kitu, lakini kwa shangazi walikuwepo. Akatuletea wawili: jike mchanga na dume mdogo, mjukuu wa Kapita, mweusi, na doa jeupe palepale. Tuliwaweka peke yao wiki tatu kwanza, kwa hofu ya sotoka ya mbuzi, ile iliyoua mbuzi wengi Kongo mwaka 2012. Yule dume baba amekataa apande jike tuliyeletewa, maana ni damu moja, na uzao wa ndugu hudhoofika. Tumebadilishana na mzee mmoja wa hapa: wake kwetu kwa muda, wetu kwake.

Ndugu zangu, najua mwenye njaa hafundishwi kuhifadhi. Ila ukijaliwa majike wawili, usiwaweke zizi moja. Mpe mmoja mtu unayemwamini, kijiji kingine, kwa mapatano mbele ya shahidi. Na beberu mzuri usimuuze wa kwanza kwa sababu ya siku moja mbaya.

Juzi mwenye nyumba wetu alikuja asubuhi, amekasirika. Mjukuu wa Kapita alikatiza kwake akirudi kutoka kwa yule mzee, akaruka uzio wa bustani, akala lengalenga zote. Nikainuka kuomba msamaha. Kutoka chumbani nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tuhame. Baba alikuwa anacheka.

Kuku tumeshalipa.