Kwa Mpwa Wangu, Kuhusu Hiyo Webley

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako ameniambia umekabidhiwa bastola ya Webley katika stoo ya makumbusho huko Uingereza, na kwamba mikono inakuwasha kuifungua. Ngoja kwanza.

Kabla ya kushika bisibisi, tazama matundu yote 6 ya silinda. Webley ya Mk VI kama hiyo yako, iliyoingia jeshini mwaka 1915, hukunjika katikati: unabonyeza komeo kwa kidole gumba, mtutu unainama kwenye bawaba yake, na kitoa maganda kinanyanyuka chenyewe. Ukikuta risasi, weka bastola chini umwite mwenye dhamana ya silaha. Daftari likisema ni tupu, tazama vilevile. Madaftari huandikwa na watu wenye haraka.

Bisibisi ndiyo imeharibu bastola nyingi kuliko vita. Ncha za dukani huchongwa kama kabari. Zinateleza na kung'oa kingo za mfuo wa skrubu. Tafuta ncha yenye mashavu yaliyonyooka, inayojaza mfuo wote kwa upana na kwa unene. Skrubu ikigoma, tia mafuta mepesi uende nyumbani. Kesho ipo. Kila skrubu ina tundu lake, kwa hiyo zipange kwenye trei kwa mpangilio uliozitoa, na piga picha kila hatua.

Silinda inatoka kwa urahisi ukishalegeza kishikizi chake cha upande wa kushoto. Kwa kazi nyingi, hapo panatosha. Springi kuu, ile ya umbo la V iliyo ndani ya mpini, iache mahali pake isipokuwa kuna kutu inayoendelea kula chuma. Ina nguvu ya kukurukia usoni, na ikivunjika, huna pa kupata mwenzake wa zama zile.

Sasa uchafu wenyewe. Fataki za risasi za zamani ziliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hiyo huvuta unyevu kama ile ya jikoni kwetu Mombasa wakati wa masika. Mafuta hayaiyeyushi; maji ndiyo huiyeyusha, na ndiyo maana askari wa Kiingereza walimiminia mitutu yao maji ya moto. Wewe usimimine. Tumia pamba iliyoloweshwa kidogo kwa maji safi yasiyo na madini, kausha papo hapo kabisa, kisha paka mafuta membamba. Maji yasifike kwenye vipande vya mpini, na uviweke mbali na joto na mwanga mkali: ni mpira mgumu mweusi, na joto na mwanga huugeuza rangi kuwa kahawia.

Kutu nyekundu inayochafua kidole ndiyo adui. Iondoe taratibu kwa mafuta na kijiti cha mti au kipande cha shaba. Ile kahawia iliyotulia, iliyoshikana na chuma, iache. Msasa na nyuzi za chuma usiviingize kwenye stoo hiyo. Najua wakubwa hupenda vitu ving'ae kwenye kabati la kioo, lakini mng'ao huo hufuta weusi wa kiwandani na kulainisha herufi zilizogongwa Birmingham. Herufi hizo ndizo zinazofanya kipande hicho cha chuma kistahili kukaa makumbusho.

Jambo moja zaidi. Bastola nyingi za aina hii zilizouzwa Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili zilikatwa sehemu ya nyuma ya silinda ili zipokee risasi za Kimarekani za .45, zenye msukumo mkubwa kuliko zile za .455 zilizotengenezewa. Ukikuta yako imekatwa, usihangaike kuirekebisha. Andika tu: hiyo nayo ni sehemu ya maisha yake.

Niandikie namba zake, za mtutu na za silinda, tuone kama zinalingana. Tazama pia kama kuna alama ya kikosi iliyogongwa kwenye chuma. Ukiona herufi za K.A.R., yaani King's African Rifles, usingoje posta. Nipigie simu usiku huohuo.

Mjomba wako