Alama 202 za Daniil Kvyat

Najua wengi wenu huingia hapa kutafuta mambo ya programu, simu na mitandao, na leo nawaletea dereva wa magari ya mashindano kutoka Urusi. Vumilieni kidogo, kwenye kompyuta tutafika, tena mapema kuliko mnavyodhani.

Tuanze na kanuni kwa wale wasiofuatilia langalanga, yaani Formula One. Kila timu ina magari mawili na madereva wawili. Gari la timu moja si sawa na la timu nyingine, kwa hiyo dereva hodari kwenye gari bovu anaweza kumaliza nyuma ya dereva wa kawaida kwenye gari zuri. Mtu pekee unayeweza kulinganishwa naye kwa haki ni mwenzako wa timu, kwa sababu mna gari linalofanana. Halafu kuna alama. Tangu mwaka 2010 mshindi hupata 25, wa pili 18, wa tatu 15, kisha 12, 10, 8, 6, 4, 2 na 1. Wa kumi na moja anarudi nyumbani mikono mitupu hata kama amekosa nafasi ya kumi kwa upana wa kidole.

Sisi watu wa kompyuta tunapenda vitu kama hivi. Mstari mmoja kwa kila dereva, safu moja ya alama, bonyeza kitufe, jedwali linajipanga lenyewe kutoka juu hadi chini. Nani afukuzwe? Wa chini. Nani apandishwe cheo? Wa juu. Rahisi, sivyo?

Sasa mleteni Daniil Kvyat muone jedwali linavyotoa jasho.

Kvyat alizaliwa mwaka 1994 huko Ufa, mji ulio karibu na milima ya Ural. Akiwa bado mtoto alihamia Italia kwa ajili ya mbio za vigari vidogo, zile ambazo karibu madereva wote wa langalanga huanzia, na ndiyo maana Kiitaliano anakizungumza kama mwenyeji. Red Bull walimchukua kwenye mpango wao wa kulea vijana. Mwaka 2012 akawa bingwa wa Formula Renault 2.0 Alps, mwaka 2013 akawa bingwa wa GP3, na mwaka 2014 akaingia langalanga na timu ya Toro Rosso. Hii ilikuwa timu ndogo ya Red Bull, shule ya vijana kabla ya kupanda timu kubwa. Kwenye mbio zake za kwanza kabisa, Melbourne, alimaliza wa tisa. Alikuwa na miaka 19, na hakuna aliyewahi kupata alama akiwa mdogo kuliko yeye. Rekodi hiyo ilidumu mwaka mmoja, kisha ikavunjwa na kijana mwingine aitwaye Max Verstappen. Lishikeni jina hilo.

Mwishoni mwa msimu wa 2014, Sebastian Vettel aliondoka Red Bull kwenda Ferrari. Nafasi kwenye timu kubwa ikawa wazi. Toro Rosso walikuwa na madereva wawili: Mfaransa Jean-Éric Vergne, alama 22, na Kvyat, alama 8. Jedwali lilikuwa wazi kama mchana. Red Bull wakamchukua nani? Kvyat!

Kwa nini? Kwa sababu hawakuwa wananunua alama zilizokwisha kupatikana. Walikuwa wananunua alama za kesho. Kvyat alikuwa mdogo, alikuwa na kasi, na waliamini atakua zaidi ya mwenzake. Kwa lugha yetu tuseme hawakusoma hifadhidata, walisoma utabiri. Vergne akapoteza kiti chake, na baadaye akaenda kuwa bingwa wa Formula E, mbio za magari ya umeme, mara mbili mfululizo, 2018 na 2019. Kwa hiyo hata yeye hakuwa dereva wa kutupwa.

Mwaka 2015 Kvyat akiwa timu kubwa aliwekwa pamoja na Daniel Ricciardo, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameshinda mbio tatu na kumzidi Vettel. Wengi walitarajia kijana amezwe. Msimu ulipokwisha: Kvyat alama 95, Ricciardo alama 92. Kule Hungaria Kvyat alimaliza wa pili. Tofauti ya alama tatu ni ndogo, na gari likiharibika mara moja tu hesabu inabadilika, lakini ukweli ni kwamba jedwali lilimweka juu.

Halafu ukaja mwaka 2016. Kule China alimaliza wa tatu. Kwenye kona ya kwanza ya mbio hizo alijipenyeza kwa ndani, Vettel akashtuka na kugongana na mwenzake wa Ferrari. Baada ya mbio Vettel alimfuata na kumwambia mbele ya kamera kwamba alikuja kama topido, na jina likamganda. Mbio zilizofuata zilikuwa Sochi, nyumbani kwao Urusi, mbele ya watu wake. Mambo yakaenda mrama: alimgonga Vettel kwa nyuma, tena mara mbili katika mzunguko wa kwanza, na Vettel akaishia ukutani.

Siku chache baadaye, tarehe 5 Mei, tangazo likatoka. Kvyat anarudishwa Toro Rosso. Kiti chake anapewa Verstappen, miaka 18. Mbio nne tu ndani ya msimu, na mwezi ule ule ambao alikuwa amesimama kwenye jukwaa la washindi... ulikuwa bado haujapita mwezi kamili!

Tarehe 15 Mei, kule Hispania, Verstappen aliingia kwenye gari la Red Bull kwa mara ya kwanza, na akashinda. Mshindi mdogo kuliko wote katika historia ya langalanga. Picha zake zilizunguka dunia nzima. Lakini nendeni mkaangalie matokeo ya mbio zile chini kabisa, pale wanapoandika mzunguko wa kasi kuliko yote. Mmiliki wake ni Daniil Kvyat, akiwa na Toro Rosso, gari ambalo hakuwa ameliendesha mwaka ule. Alimaliza wa kumi, alama moja. Wakati huo mzunguko wa kasi haukuwa na alama yoyote, kwa hiyo kwenye jedwali haumo.

Sasa mimi hapa sitaki kuwapa hadithi rahisi ya timu mbaya na dereva mwema. Tukiwa wakweli, Red Bull hawakukosea hesabu. Verstappen alikuja kuwa bingwa wa dunia mara nne mfululizo, kuanzia 2021 hadi 2024. Utabiri wao ulikuwa sahihi kabisa. Tena Kvyat mwenyewe alikuwa amekula matunda ya utabiri ule ule mwaka 2014, alipompita Vergne akiwa na alama chache. Mizani iliyompandisha ndiyo iliyomshusha.

Ndiyo sababu kisa chake kinanigusa. Tumezoea kulalamika kompyuta inapokosea. Hapa tunazungumzia mahali ambapo hesabu ilipatia, na bado kuna mtu akabaki chini ya gurudumu. Kwa mtu huyo tunaandika nini kwenye programu zetu? Kwa kawaida hatuandiki kitu.

Nimewahi kufanya kazi ya namna hii, ila kwa malori. Mteja mmoja alitaka programu ya kupanga madereva wake kwa alama kutokana na vifaa vilivyofungwa kwenye magari: mwendo, kona, na breki za ghafla. Kila breki ya ghafla inakata alama. Nilipokuwa nikikusanya maelezo, mzee mmoja mwenye miaka mingi barabarani alinieleza kwamba breki za ghafla ndizo zilizomfikisha umri ule, maana mbuzi na watoto hawatoi taarifa kabla ya kuvuka. Kwenye data, dereva anayelala usingizi na dereva anayeokoa mtoto wanaandika alama ile ile. Tuliongeza sehemu ya dereva kueleza sababu mwenyewe, na meneja alilazimika kuisoma kabla ya alama kukatwa. Ni kazi ya siku mbili tu ya kuandika msimbo. Ugumu ulikuwa kumshawishi mteja kwamba sehemu hiyo inahitajika.

Turudi kwa Kvyat. Maisha yake baada ya kushushwa yalikuwa mazito, na mwaka huo 2016 alionekana waziwazi kwamba ameumia. Mwaka 2017 aliondolewa kwa mbio za Malaysia na Japani, akarudishwa kwa mbio za Marekani kule Austin, akamaliza wa kumi na kuleta alama moja, na baada ya hapo akapigwa kalamu moja kwa moja.

Mwaka 2018 hakuwa na kiti popote kwenye langalanga. Ferrari walimchukua kama dereva wa maendeleo, kazi yake ikiwa kwenye simuleta. Wapenzi wa teknolojia, hapa ndipo panaponoga. Tangu 2009 majaribio ya barabarani wakati wa msimu yamebanwa sana, kwa hiyo timu hujaribu gari ndani ya kompyuta. Wanaandika programu inayoiga matairi, upepo, springi na uzito wa gari, kisha wanamkalisha dereva mbele ya skrini kubwa na usukani halisi. Vihisi vya gari halisi huleta data ya breki, mwendo na joto, na wahandisi huilinganisha na ya gari la kompyuta. Lakini hesabu haijui kama inadanganya. Anayejua ni yule aliyewahi kuhisi gari halisi likiteleza mgongoni mwake, akawaambia: hapana, kwenye kona hii gari la kweli halifanyi hivi. Huyo ndiye Kvyat mwaka mzima wa 2018. Mizunguko mingi, hakuna mtazamaji, hakuna alama hata moja. Kwenye jedwali lake mwaka 2018 ni tupu.

Kisha Toro Rosso wakamwita tena kwa msimu wa 2019. Tarehe 28 Julai, Hockenheim, Ujerumani, mvua ikanyesha na kukatika na kunyesha tena, magari yakawa yanateleza kama yako kwenye sabuni. Toro Rosso na Kvyat walithubutu kuvaa matairi ya barabara kavu mapema kuliko wengi, na akamaliza wa tatu. Timu hiyo haikuwa imesimama jukwaani tangu Vettel aliposhinda Monza mwaka 2008. Na jukwaani siku hiyo walikuwa nani? Wa kwanza Verstappen, aliyepewa kiti chake. Wa pili Vettel, aliyemwita topido. Wa tatu Kvyat. Usiku uliotangulia binti yake alikuwa amezaliwa. Ningekuwa mtunzi wa filamu mngesema natia chumvi!

Wiki chache baadaye Red Bull walitaka tena dereva wa kupandisha timu kubwa. Kvyat alikuwa na alama 27, mwenzake Alexander Albon alikuwa na 16. Wakamchukua Albon. Kwa mara nyingine tena alama za kesho zilishinda za leo, na safari hii utabiri haukutimia, kwa sababu Albon alipoteza kiti hicho mwishoni mwa 2020. Mwaka huo huo wa 2020, timu ikiwa sasa inaitwa AlphaTauri, Kvyat alimaliza wa nne kule Imola. Msimu ulipoisha nafasi yake ikaenda kwa Mjapani Yuki Tsunoda.

Mlango wa langalanga ukafungwa, lakini hakuacha usukani. Mwaka 2022 alijaribu NASCAR kule Marekani. Mwaka 2023 akaingia mbio za saa nyingi za ubingwa wa dunia, na mwaka 2024 alikuwa kwenye gari la Lamborghini lililomaliza la kumi katika saa 24 za Le Mans.

Kwa muhtasari, mstari wa Kvyat kwenye hifadhidata ya langalanga unasema hivi: mbio 110, alama 202, jukwaani mara 3, ushindi 0. Warusi wanne wamewahi kushindana langalanga: Vitaly Petrov, Kvyat, Sergey Sirotkin na Nikita Mazepin. Hakuna kati yao aliyepata alama nyingi kuliko hizo. Kila tarakimu hapo ni sahihi, mimi mwenyewe nimejumlisha msimu kwa msimu.

Ila mstari huo hauna mzunguko wa kasi wa Hispania, aliouendesha siku kumi baada ya kunyang'anywa gari lake. Hauna mwaka wa simuleta. Hauwezi kumtofautisha mtu aliyeshushwa akakata tamaa na mtu aliyeshushwa akarudi.

Wengi wetu tunaosoma hapa ndio tunaoandika programu za kupanga watu: wanafunzi, waombaji mikopo, wafanyakazi, madereva. Siwaambii muache kuzipanga alama, maana bila alama tutarudi kwenye kupeana kazi kwa kujuana, na hilo tunalijua linavyonuka. Nawaomba kitu kidogo tu. Mkishaandika safu ya alama na safu ya utabiri, acheni nafasi moja ambayo mwenye mstari anaweza kuandika mwenyewe, na muhakikishe kuna mtu mwenye mamlaka anayeisoma.

Haya, kwa leo naishia hapo. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo yetu ya kawaida, naahidi sitagusa injini.