Mvulana wa Turkana na Majina Ukutani

Wazazi wenzangu wa Kakuma, mwezi uliopita tulipata karatasi ya ruhusa kumpeleka mama yangu kwa daktari wa macho Nairobi. Daktari akasema turudi baada ya siku tatu. Sasa kukaa chumba kimoja na watoto wawili siku tatu, nani anaweza? Tukatoka kutembea.

Tulianza na Makumbusho ya Taifa. Uani kuna sanamu ya Ahmed, yule ndovu wa Marsabit ambaye Mzee Jomo Kenyatta aliamuru alindwe mwaka 1970 kwa sababu ya pembe zake kubwa. Kijana wangu mdogo aligoma kabisa kuondoka hapo. Lakini habari niliyotaka kuwapa ni ya Mvulana wa Turkana. Mtoto huyo aliishi miaka kama milioni 1.5 iliyopita, na mifupa yake ilipatikana mwaka 1984 Nariokotome, magharibi mwa ziwa, yaani huku huku kwetu. Aliyeona kipande cha kwanza, kidogo tu cha fuvu, ni Mkenya Kamoya Kimeu, na huyo mzee hakupita chuo kikuu.

Binti yangu amezaliwa kambini. Akiulizwa kwao ni wapi hujibu Fizi, ambako hajawahi kufika. Siku hiyo aliposoma neno Turkana alipaza sauti: "Baba, huyu si ni wa kwetu!" Watu wakageuka. Mimi nikanyamaza tu, sikuona la kusahihisha. Vumbi tunalolilalamikia kila siku, kumbe kuna wataalamu wanalichekecha kwa vichujio!

(Mkienda, ulizeni bei kwanza, ya raia si sawa na ya mgeni.)

Kesho yake tuliingia bustani ya kumbukumbu ya Agosti 7, pale ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa mwaka 1998. Walikufa watu zaidi ya 200, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia. Majina yao yameandikwa ukutani. Mama, macho yake hayaoni vizuri, akauliza, "Wote wameandikwa?"

"Ndiyo, bibi."

"Nisomee."

Akasomewa mpaka mwisho, mmoja mmoja, sisi tumesimama kwenye jua. Mwezi huo huo, Agosti 1998, vita ilianza tena Kongo. Tulikuwa mbioni, na wetu waliobaki njiani hawana hata jiwe. Mama hakusema kitu siku nzima, hata chakula alikigusa tu.

Usiku akamwambia mjukuu wake alete daftari. Akaanza kutaja: jina, jina la baba, kijiji. Tulirudi Kakuma wakiwa wamefika 41. Juzi jirani yetu mmoja, mama wa kutoka Baraka, alikuja na kigoda chake, akaomba na wa kwao waandikwe.