Kupanda Mai Mahiu na Gari Linalozimika Ovyo

Msafiri anayetoka Naivasha kuja Nairobi kwa barabara ya chini hupita kwanza Mai Mahiu, mji wa matrela, mahindi ya kuchoma na mafundi wasiolala. Kutoka hapo barabara huanza kuukwea ukingo wa Bonde la Ufa. Nyuma yako mlima Longonot, wa mita 2,776, umesimama peke yake. Kando ya barabara liko kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kitaliano mwaka wa 1942. Mandhari ni ya kupendeza, lakini si pa kuharibikiwa na gari: huku mwamba, kule bonde, na matrela yako nyuma yako.

Hapo ndipo vani kuukuu ya mjomba wangu ilipotuzimikia, watoto watano wakiwa ndani.

Haikuwa mara ya kwanza. Kwa miezi mitatu ilikuwa ikizima ipendapo, kisha ikipumzishwa nusu saa inawaka kana kwamba haijapata kuugua. Gereji moja ya mjini ilikuwa imebadilisha koili, ikabadilisha pampu ya petroli, na kabureta ikafunguliwa mara mbili. Karo ya binti yake wa kidato cha tatu ilikuwa inaishia kwenye spea. Na kila ilipofikishwa gereji, injini ilinguruma vizuri. Ugonjwa wa kuja na kwenda haujionyeshi mbele ya daktari.

Tuliwashusha watoto, tukawaketisha mbali na lami, tukaweka pembetatu nyekundu nyuma ya gari. Fundi aliyepanda kutoka mjini kwa pikipiki hakugusa spana. Aliuliza.

“Mzee, huzima ghafla kama taa, au hukohoa kwanza?”

“Hukohoa, kijana wangu, halafu hukosa nguvu.”

“Kwenye tambarare pia?”

“Huko huchukua muda mrefu. Mlimani ni upesi.”

Kuzima ghafla, alitueleza, aghalabu ni umeme. Kukohoa ni petroli. Hata hivyo hakutegemea maneno matupu. Alichomeka plagi ya zamani kwenye waya mmoja, akaigusisha chuma cha injini, mbali na mabomba ya petroli, na mjomba akapiga stata. Cheche ya buluu ikaruka. Umeme haukuwa na hatia, na koili ile mpya ilinunuliwa bure.

Akazunguka hadi kwenye tangi, akalegeza mfuniko polepole. Fyuuu! Tangi likavuta pumzi.

Kumbe mfuniko wa awali uliibwa, na mjomba akanunua mwingine wa gari la aina tofauti, usio na kitundu cha hewa. Petroli ikitoka tangini lazima hewa iingie mahali pake. Isipoingia, tangi hubaki likifyonza na pampu hushindwa kuvuta. Gari likisimama, hewa hupenya kidogo kidogo, nalo huwaka. Mlimani injini hunywa petroli nyingi zaidi, ndiyo sababu lilizima upesi. Tulipanda hadi Rironi mfuniko ukiwa umelegezwa kidogo, kwa kuwa tangi halikuwa limejaa, na hatukusikia kikohozi hata kimoja.

Si kila gari huponywa hivyo, msomaji. Cheche ikikosekana injini ikiwa moto na kurudi ikipoa, hapo koili yaweza kushukiwa. Likizima zaidi kwenye mashimo, kagua nyaya zilizolegea, au kutu inayotibuka tangini na kuziba chujio. Lakini kipimo hufanywa gari likiwa limezima. Likishapoa na kuwaka, fundi hubaki kubahatisha, na bahati hiyo unailipia wewe.

Siku ya pili mjomba alipata mfuniko wenye kitundu katika barabara ya Kirinyaga, Nairobi. Bei yake haikufika ile ya plagi nne.