Toa Hiyo Diski Mezani

Wasee, studio yangu hapa Mitunguu ni chumba cha kulala, mabati juu, godoro limeegemea ukuta. Lori la ndizi likipita, nangoja. Mvua ikinyesha, nangoja. Hizo siwezi kuzima, lakini diski ni mimi nachagua.

Diski ya kawaida ina sahani inayozunguka ndani. Ikizunguka mara 7,200 kwa dakika, hiyo ni mara 120 kwa sekunde, na mvumo wake unaingia palepale sauti ya mwanaume inapokaa. Ukiukata kwa programu unakata na sauti yako. SSD haina kitu cha kuzunguka. Kimya.

Shida ni bei, najua. Niliacha chuo, na kwetu bado wanangoja kuona kama hii kazi inalipa. Basi SSD yangu ni ndogo, ya kurekodia tu: saa moja ya sauti, maiki moja, biti 24 kwa kHz 48, ni kama MB 520. Ile diski kubwa inakaa chumba kingine, nahamishia kazi usiku.

Huna ya SSD bado? Iweke sakafuni juu ya sponji. Mtetemo hupitia mbao za meza hadi kwa stendi ya maiki.