Mwangwi, redio ya CB na nyota mbili



Mwaka jana nilipata kibarua kwenye intaneti kutoka kwa mzee mmoja wa Arkansas, Marekani, dereva wa lori. Alitaka kijisanduku cha kukaa kati ya maikrofoni na redio yake ya CB, ili sauti yake itoke na mwangwi. Kwa msioijua, CB ni redio ya mawasiliano ya watu wa kawaida kule: chaneli 40 kwenye megahezi 27, nguvu isizidi wati 4 kwa AM, na huhitaji kuomba leseni. Madereva wa malori hukutana chaneli ya 19. Mimi sina redio hiyo. Nilikuwa na digrii ya kompyuta na kodi ya nyumba iliyochelewa.

Mwangwi wa nini? Msicheke. Nani hapa hajamsikia MC wa harusi na "hallo-llo-llo" yake? Mwangwi humfanya mtu asikike mkubwa. Madereva wa kule wameupenda miaka mingi, na siku hizi mara nyingi kazi hiyo hufanywa na chipu ya PT2399, ambayo utaikuta pia kwenye vifaa vya karaoke. Mzee alitaka kitu cha kurekebisha mwenyewe kwa laptopu, ndipo akanipata mimi.

Kazi yenyewe si ngumu. Unachukua sampuli 16,000 za sauti kwa sekunde na kuziweka kwenye safu inayozunguka. Kuchelewesha robo sekunde ni sampuli 4,000, yaani baiti 8,000. Kichipu cha bei nafuu chenye kilobaiti 20 za memori kinatosha na kubaki. Kisha unaamua kila mzunguko urudishe sauti kiasi gani. Mzee alisema ongeza, nikaweka 0.6. Marudio yakawa yanashuka hivi: 0.6, 0.36, 0.22, 0.13. Kwenye hedifoni zangu ilikuwa tamu kweli. Akanipa nyota tano.

Kumbe nilipima mahali pasipofaa. Redio ya CB ina saketi inayosawazisha sauti: ukipaza inapunguza, ukishusha inaongeza. Kwa hiyo mzee akinyamaza kuvuta pumzi, redio inaongeza kilichobaki, na kilichobaki ni mkia wa mwangwi wangu. Ile 0.13 niliyodhani imekufa inafufuka na kulikanyaga neno linalofuata. Hedifoni hazina saketi hiyo. Ningemwomba anirekodie sauti kutoka redio ya pili, ningeyasikia haya siku ya kwanza. Sikumwomba.

Miezi miwili baadaye akaniandikia, tena akicheka. Asubuhi moja ya ukungu aliona lori limelala upande wa kushoto wa barabara kuu, akawatangazia walio nyuma yake wapite kulia. Mmoja akauliza: kushoto au kulia? Akarudia. Yule akauliza tena, na kumwambia azime hilo dubwana lake. Mara ya tatu akaelewa, lakini alikuwa ameshafika. Breki zilimwokoa.

Mzee aliona ni kichekesho. Mimi sikulala vizuri. Usiku huo huo niliandika toleo jipya: kiwango cha juu 0.3, na kitufe cha kuzima mwangwi papo hapo kwa kidole kilicho kwenye maikrofoni. Nikamtumia bure, nikamweleza habari ya ile saketi.

Kitufe alikipenda. 0.3 akaikataa, alisema anasikika kama mtu yuko chooni. Akataka 0.6 yake irudi, na yuko tayari kulipa. Nikamwambia, mzee, samahani, hiyo siwezi. Akarudi kwenye ukurasa wangu akabadilisha nyota tano zikawa mbili.

Tangu hapo wateja wamepungua, na bado ana lile faili la zamani. Anaweza kulirudisha kwenye kichipu wakati wowote. Juzi nimemwandikia kumuuliza anatumia lipi. Hajanijibu.