Maji Yatakapokuja: Safari ya Vijana Katika Korongo la Hell's Gate

Kusini mwa Ziwa Naivasha, katika nchi ya jirani zetu wa Kenya, liko korongo ambalo Wamaasai hulijua kwa jina la Ol Njorowa. Wageni walipaita mahali hapo Hell's Gate, yaani Lango la Jahanamu, na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1984 ikarithi jina hilo. Nchi yenyewe ni kavu: nyasi za rangi ya mchanga, migunga, vumbi la majivu ya volkano na kuta za mwamba mwekundu. Ni mojawapo ya hifadhi chache za Kenya ambamo mtu huruhusiwa kwenda kwa miguu au kwa baiskeli huku pundamilia na twiga wakimtazama. Ndiyo sababu tuliichagua kwa safari ya vijana 22 wa mji wetu, wengi wao watoto wa askari wa jeshi na wa polisi, wakati wa likizo ya Agosti mwaka 2018.

Nilidhani kupanga safari ni kazi ya hesabu. Basi litapita Malaba, Eldoret na Nakuru hadi Naivasha. Vitambulisho na barua za wazazi zitakuwa katika bahasha moja. Mahema 6, unga, maharage, chumvi na majani ya chai. Kila kijana atabeba maji lita 3 katika shanta lake, kwa kuwa korongoni hakuna maji ya kuaminika kunywa. Atabeba na blanketi zito, maana pale ni karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na usiku una baridi kali. Nilikagua mashanta mwenyewe. Katika moja nilikuta pasi ya mkaa, na mwenyewe alinieleza bila haya kwamba hawezi kuonekana Kenya na suruali yenye makunyanzi.

Katika mkutano wa wazazi nilisoma orodha yote. Nilipomaliza, sajini mmoja wa polisi, ambaye binti yake alikuwa miongoni mwa wasafiri, akasimama.

"Mwalimu, hayo yote nimeyasikia. Sasa niambie, maji yakija watoto watatokea wapi?"

Nikamjibu kwamba Agosti si mwezi wa masika, na nchi ile ni kavu.

"Samahani, Mwalimu," akasema, "sikuuliza kama yatakuja."

Sikuwa na jibu. Mwezi wa Aprili mwaka 2012, kikundi cha vijana wa kanisa moja la Nairobi kiliteremka katika korongo hilohilo. Mafuriko yakawakuta ndani, na watu 7 wakafa. Habari hiyo nilikuwa nimepata kuisikia, lakini sikuiingiza katika mpango wangu.

Yapasa msomaji afahamu jinsi maji hayo yanavyofanya kazi. Hapo kale Ziwa Naivasha lilikuwa kubwa mno kuliko lilivyo leo, na maji yake yalipofurika kuelekea kusini ndiyo yaliyokata korongo. Ziwa lilipungua, njia ya maji ikabaki. Mvua ikinyesha kwenye vilima vya mbali, ardhi iliyokaushwa na jua haiwezi kuinywa yote kwa upesi. Maji hukusanyika katika vijito, na vijito vyote hushuka mahali pamoja, penye sehemu nyembamba ambazo watu wawili hawapishani bila kugusana mabega. Huko chini mbingu yako yaweza kuwa ya buluu kabisa. Kabla hujajua kuna nini, maji yamefika, yamebeba tope, mawe na magogo, na ukuta ulio mbele yako haupandiki.

Basi tuliandika mpango upya, na sajini akaketi nami jioni mbili. Tutateremka asubuhi, kwa kuwa mvua nyingi za nchi ile huanguka baada ya adhuhuri. Tutakwenda na mwongozaji mwenyeji, naye atatuonyesha kila mahali pa kupandia kabla hatujapita. Mmoja ataongoza mstari, mwingine ataufunga, na hesabu ya vichwa itafanywa kila kituo. Watu wawili watabaki juu na filimbi, macho yao vilimani. Jambo la mwisho lilikuwa lake sajini, nami lilinichoma kidogo: amri ya kurudi isiwe mikononi mwa mtu aliyekusanya fedha. Mtu huyo, alisema, amekwisha waahidi watu, naye ndiye atakayechelewa kuitoa. Mwenye fedha nilikuwa mimi. Tukakubaliana kwamba neno la mwongozaji halitajadiliwa.

Siku yenyewe ilianza vizuri. Tulipita Mnara wa Fischer, jiwe la mita 25 lenye jina la Mjerumani aliyefika huko mwaka 1883. Wamaasai wana habari yao, kwamba ni binti aliyegeuka jiwe kwa kutazama nyuma alipokuwa akienda kuolewa. Kwa mbali tuliona mvuke wa Olkaria, ambako tangu mwaka 1981 Wakenya wanazalisha umeme kwa joto la ardhini.

Tulipofika ukingoni jua lilikuwa kali. Mwongozaji akatazama vilima. Palikuwa na wingu moja jeusi, dogo, mbali sana. Akasema, "Leo hapana."

Vijana walinung'unika. Nakiri kwamba nami nilikuwa na maneno mdomoni: angalau nusu saa. Niliyameza. Tukala chakula palepale juu, nyani wakatupokonya mikate miwili, tukarudi kambini. Hakuna tone lililotuangukia. Nyumbani baadhi ya vijana walieleza kwamba mwongozaji alikuwa mvivu, na wazazi wawili walidai warudishiwe sehemu ya fedha zao.

Siku ya Jumapili, tarehe 1 Septemba 2019, mafuriko yaliwakuta watalii korongoni. Watu 7 walikufa, na mmoja wao alikuwa mwongozaji wao, mwenyeji wa nchi ile. Shirika la Wanyamapori la Kenya likalifunga korongo kwa wageni. Anayekusudia kupeleka vijana sasa aulize kwanza kwa Shirika hilo habari za korongo, kabla hajapokea hata shilingi moja ya mzazi. Sehemu za juu, na minara yake, baiskeli na wanyama, zatosha kwa siku mbili.

Sajini alinipigia simu jioni ya siku iliyofuata. Hakuzungumzia habari za Naivasha. Aliuliza tu kama orodha ya likizo ijayo imekwisha funguliwa, kwani mdogo wake binti yule naye ametimiza miaka 14.